Gia boksi ya Datsun 240Z: kuisuka upya, kununua ya mtumba, kufunga ya pikapu au kuiacha ilivyo?

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, nimekabidhiwa na mjomba. Kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa asili unahesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mpwa kupewa kitu cha mjomba hakumshangazi mtu. Kilichoshangaza mtaa wetu wa Shangani, hapa Mtwara, ni kitu chenyewe: gari la viti viwili, pua ndefu kama ngalawa, likitolewa bandani baada ya miaka mingi chini ya turubai. Mjomba alilitamani tangu ujana wake. 240Z ilishinda Safari Rali ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikashinda tena 1973, na kijana wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Injini, ile ya silinda sita mstari mmoja yenye ujazo wa sisi 2,393, iliwaka siku ya pili. Gia boksi ndiyo iliyoleta maneno. Gia ya pili ilikwaruza asubuhi, ya tatu ikawa inajitoa yenyewe kila nikiachia mafuta kwenye mteremko wa Mikindani. Nimepita njia tatu kati ya nne zilizomo humu, moja baada ya nyingine, na si kwa mpangilio wenye akili. Ya nne ameipita shemeji yangu wa Lindi, mwenye Datsun 180B na wazimu ule ule. Kama gari lako ni Celica ya zamani, MGB au Alfa, majina ya spea yatabadilika. Hesabu haibadiliki sana.

Kwanza: una hakika ni gia boksi?

Nauliza kwa sababu nimeona boksi nzima ikishushwa kwa kosa la mpira wa shilingi elfu chache.

Washa gari, weka nyutro, achia klachi. Ukisikia muungurumo unaokatika pale unapokanyaga klachi, hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia au ya shafti ya chini. Kelele ikianza unapokanyaga, ni rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, na hapo gia boksi inasingiziwa. Gia zote zikikwaruza, na rivasi ikizidi, klachi haiachi vizuri: angalia mafuta yake, masta silinda, na ile silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa boksi. Gia moja tu ikikwaruza, mara nyingi ya pili, hapo sinkro, ile ringi inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia, imechoka. Mkono wa gia ukicheza kama mwiko ndani ya sufuria, bushi za plastiki zilizo chini yake zimekwisha. Zinabadilishwa ukiwa umekaa kwenye kiti, bila kulala chini ya gari.

Halafu kuna ile "duk" ya nyuma unapoachia klachi kwa haraka. Katika Z za zamani huo kwa kawaida ni mpira unaoshikilia difu, lakini fundi atakuapia kwamba ni gia.

Mwisho mwaga oili, gari likiwa limetoka kutembea. Fundi wangu, mzee mmoja mwenye gereji chini ya mkorosho kule Chikongola, aliikinga kwenye kidumu kilichokatwa ubavu, akachovya vidole viwili, akavisugua taratibu kwenye jua. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia haukumshtua. "Huu ni uzee, mwanangu, hata mimi ninao." Kisha akageuza mkono, na ule mng'ao wa dhahabu dhahabu ukaonekana kwenye ncha za vidole. Shaba. Ringi za sinkro zilikuwa zimeanza kuliwa. Vipande vya chuma vyenye ncha, vinavyosikika vikigonga chini ya kidumu, vingekuwa habari nyingine kabisa: hilo ni jino la gia, au beringi iliyopasuka, na ukiiona hali hiyo njia ya kuiacha boksi ilivyo ifute kwenye orodha.

Vigezo nilivyotumia

Pesa yote mpaka gari litembee, maana bei ya boksi peke yake inadanganya. Muda. Spea na mkono wa fundi, kwa pamoja, kwa kuwa kimoja bila kingine ni bure. Asili ya gari, yaani kiasi gani linabaki kuwa lile lililotoka kiwandani. Na hatari, ambayo mimi huipima kwa swali moja: likiharibika, litaharibikia wapi? Kuzimika Mikindani, ambako unavutwa na bajaji, si sawa na kuzimika katikati ya safari ya Dar, karibu kilomita 560, usiku, hujafika hata Daraja la Mkapa.

Njia ya kwanza: kuisuka upya boksi yako mwenyewe

*Pesa.* Ukiagiza seti kamili ya beringi, sinkro, sili na gasketi, usiishie kwenye bei uliyoiona kwenye simu. Ongeza nauli ya mzigo, halafu ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 ambayo inapigwa juu ya jumla ya vyote hivyo, bei ikiwemo. Watu wengi hukwama hapo, boksi ikiwa tayari imefunguliwa mezani. Kinachopunguza maumivu ni kwamba hulazimiki kubadilisha kila kitu. Beringi na sili badilisha zote, usibague. Gia zenyewe, kama meno hayajamenyeka, hudumu kuliko sisi.

*Muda.* Kazi ya mikono ni siku chache. Kusubiri spea ni miezi. Ukianza Oktoba, msimu wa korosho, jua kwamba fundi mzuri yeyote wa Mtwara yuko chini ya lori la mtu mwingine, na lori linalipa kuliko wewe. Boksi iliyofunguliwa nayo haipendi kungoja: hewa yetu ya chumvi inatia kutu kwenye beringi iliyo wazi ndani ya wiki. Paka oili, funga kwa nailoni, usiweke sakafuni.

*Spea na fundi.* Hapa nitakaa kidogo.

Boksi hizi za Nissan, kampuni iliyounda Datsun, zimeundwa kwa namna ya kupendeza. Katikati kuna bamba la chuma. Ukiondoa kava la mbele, lenye nyumba ya klachi, na kuvuta mkia wa nyuma, rundo lote la gia linabaki limening'inia kwenye bamba hilo, gia nne mbele, ya tano na rivasi nyuma yake. Unaona kila kitu bila kubahatisha. Fundi aliyezoea pikapu za Nissan hatashangaa, maana ukoo ni mmoja. Ila lazima awe na presi ya kutolea beringi au amjue fundi wa kukereza mwenye nayo. Akichukua nyundo na patasi, mwambie apumzike, mnywe chai kwanza, kisha uondoke na boksi yako.

Kabla ya kuagiza chochote, jua una boksi gani. Za miaka ya mwanzo, 1970 na 1971, hazifanani ndani na zilizofuata. Na kwenye jina la boksi kuna herufi ya kuangalia: W, kama katika FS5W71B, ina ringi za shaba za aina ya Warner, C ina sinkro za chuma za mtindo wa Porsche. Ringi ya moja haiingii kwenye nyingine hata uiombee dua. Hiyo 71 ni milimita kati ya shafti ya juu na ya chini.

Kuna na gololi. Kila shafti ya uma wa gia, uma ule unaosogeza gia, inashikiliwa na kigololi cha chuma kinachosukumwa na springi. Ukivuta shafti bila kuziba tundu kwa kidole, kinaruka. Cha kwetu kiliruka. Tulikuwa watu watatu kwa magoti kwenye mchanga wa Chikongola, tukichekecha kwa chekecheke ya unga, mpaka kijana wa gereji akaja na sumaku ya spika ya redio mbovu akaipitisha chini. Kikanasa pamoja na nati tano ambazo hakuna aliyejua za nani. Tangu siku hiyo kazi hii naifanyia juu ya shuka kuukuu.

*Asili.* Hakuna njia inayoishinda hii. Boksi iliyotoka na gari inabaki na gari.

*Hatari.* Ikisukwa vizuri, unaendesha hadi Songea ukiimba. Ikisukwa vibaya, ni mbaya kuliko ulivyoanza, kwa sababu sasa huna pesa na huna boksi. Nati kubwa ya shafti isipokazwa kwa kipimo chake italegea, na gia ya tano itakuwa ya kwanza kukuaga.

*Inamfaa* mwenye gari analokusudia kukaa nalo, asiye na haraka, na ambaye usafiri wake wa kila siku ni kitu kingine.

Njia ya pili: kununua nyingine ya mtumba

*Pesa.* Kwa kawaida chini ya kuisuka, na unalipa mara moja. Ongeza nauli yako ya kwenda Dar na ya mzigo kurudi. Makondakta wa mabasi ya Kusini wanabeba gia boksi kwenye buti kama mzigo mwingine wowote, ila ifunge kwenye gunia, imwage oili yote kwanza, au utalipia mabegi ya watu.

*Muda.* Ukiipata, wiki moja. Kuipata ndiyo kazi. Boksi ya gari la miaka ya sabini haikai rafuni Ilala ikikusubiri.

*Spea na fundi.* Fundi yeyote anayejua kushusha na kupandisha anatosha. Ujuzi unaohitajika ni wako wewe, wakati wa kununua. Zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono katika kila gia: iende laini, bila mkwaruzo, bila kukwama mahali pamoja kila mzunguko. Itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwenda. Nusa oili iliyobaki ndani. Ikinuka kuungua, rudisha pesa mfukoni. Hesabu meno ya mwanzo wa shafti na ulinganishe na diski ya klachi uliyokuja nayo kutoka nyumbani. Ndiyo, beba diski yako.

*Asili.* Ni boksi ya aina ile ile, si ile yenyewe. Kwa wengi wetu inatosha.

*Hatari.* Unanunua kitu usichokijua. Muuzaji wangu aliniapia kwamba boksi imetoka kwenye gari lililopata ajali likiwa zima. Ajali pengine ilikuwepo. Gia ya pili yake ilikuwa mbaya kuliko yangu. Nilirudi na kilo nyingi za chuma na hasira, ndani ya basi, magoti kifuani.

Hata hivyo sikupoteza. Mzee wa Chikongola alifungua zote mbili, akachukua gia ya tatu na uma wake kwenye ya mtumba, akarudisha ndani ya ya mjomba, akaweka beringi na ringi mpya. Boksi mbili mbovu zilitoa moja nzima, na mkweche uliobaki bado unanipa vipuri vidogo. Hilo linawezekana tu kama zote ni aina moja, herufi kwa herufi.

*Inamfaa* mwenye muda mfupi na mtu wa kuaminika Dar, au anayetaka boksi ya pili ya kutolea spea.

Njia ya tatu: kufunga boksi ya gari jingine, kama pikapu ya Nissan

Shemeji alikwenda na hii. *Pesa:* boksi yenyewe rahisi, marekebisho si rahisi. *Muda:* fundi alisema siku nne. Zilikuwa wiki sita.

*Spea na fundi.* Faida yake kubwa iko hapa. Pikapu hizi zimejaa Lindi, Masasi hadi Newala, na boksi yake ikifa kesho unapata nyingine bila kuvuka Rufiji. Gharama yake ni fundi wa kukereza. Kava la mbele la boksi ya zamani ndilo lenye matundu yanayolingana na injini, kwa hiyo linahamishiwa kwenye boksi mpya, na mara nyingi tundu la beringi lazima likerezwe. Propela shafti inaweza kuwa fupi au ndefu mno. Mkono wa gia unaweza kutokea mahali ambapo sakafu haina tundu. Waya wa spidi nao unahitaji kufikiriwa. Shemeji sasa anasoma mwendo wake kwa kuangalia miti.

Boksi ya pikapu imepangwa kwa mzigo, gia ya kwanza ni nzito ya kuvutia magunia. Kwenye 180B inavumilika. Kwenye gari la michezo utaingia gia ya pili kabla hujatoka getini.

*Asili.* Imepotea, ingawa inaweza kurudi kama hukukata bodi na umehifadhi vyako vyote. Ukikata sakafu, mnunuzi wa baadaye anayejua Z ataona kabla ya kufungua boneti.

*Hatari.* Ndogo barabarani, kubwa gereji. Ikishatulia, inatulia.

*Inamfaa* anayeendesha gari lake kweli, kila wiki, mbali, na asiyesumbuliwa na macho ya mashabiki.

Njia ya nne: kuiacha na kuitunza

Watu huiona kama uvivu. Mimi niliishi nayo mwaka mzima na sijutii.

*Pesa:* oili na bushi. *Muda:* alasiri moja. *Asili:* hujagusa kitu.

*Spea na fundi.* Hakuna cha kutafuta isipokuwa oili sahihi, na hapo ndipo kosa hutokea. Dukani ukisema "oili ya gia" unapewa ile ya difu, daraja la GL-5. Viungo vyake vya salfa ni vikali kwa shaba, na ringi za sinkro ni shaba. Omba GL-4, uisome kopo mwenyewe. Boksi ya namna hii inakula kama lita mbili hivi, jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la pembeni, basi. Kisha badilisha bushi za mkono wa gia, toa hewa kwenye klachi, na jifunze kuchelewa nusu sekunde unapoingia gia ya pili. Mguu wako unakuwa sinkro.

*Hatari.* Beringi inayonguruma haiponi. Mkwaruzo wa sinkro unaweza kukaa miaka bila kuzidi sana, lakini beringi ikifa inasukuma shafti pembeni na kuharibu gia zilizokuwa nzima, na hapo kazi ya kuisuka imepanda bei wakati wewe unaendesha. Gia inayojitoa nayo isipuuzwe kwenye mteremko.

*Inamfaa* anayetembelea mjini, Ligula hadi Shangani na kurudi, na anayekusanya pesa na spea taratibu.

Njia yoyote utakayochukua

Kinachouma zaidi ni kazi ya kushusha: ekzosi, propela, stata, bomba la klachi, na watu wawili wa kupokea chuma kizito wakiwa wamelala chali. Kwa hiyo ikishashuka, badilisha diski ya klachi, rilisi beringi, kibushi kilicho nyuma ya kranki, na sili ya nyuma ya injini, hata kama vinaonekana vizuri. Mimi niliiacha sili kwa ubahili. Miezi miwili baadaye tulikuwa tena chini ya mkorosho.

Kwa hali yako

Kama kasoro ni gia moja tu inayokwaruza, oili haina vipande, na huendi mbali, anza na njia ya nne, huku ukitafuta ringi na beringi bila pupa. Usifungue kitu kabla spea hazijawa ndani ya nyumba.

Kama beringi inanguruma, simamisha gari. Hapo chagua kati ya kuisuka na kununua ya mtumba kwa swali la fundi: unaye mwenye presi na subira, isuke, huna, nunua, lakini nenda mwenyewe na diski yako mkononi.

Kama kuna jino lililomenyeka au nyumba ya boksi imepasuka, kuisuka peke yake hakutatosha. Tafuta ya pili ya aina ile ile na uzichanganye.

Kama gari ni la kuuzwa, usifunge boksi ya pikapu. Liuze na kasoro yake, umweleze mnunuzi gia ipi, na umwachie uamuzi.

Kama ndilo gari lako la pekee na kazi yako iko Nachingwea wakati familia iko Mtwara, ya pikapu haina aibu. Weka boksi ya asili kwenye boksi la mbao, imepakwa oili, juu ya dari mbali na mchwa.

Na kama ni gari la mjomba, na mjomba bado yu hai, nenda kamuulize kabla hujalegeza bolti ya kwanza. Wangu alisikiliza njia zote nne, akaniuliza kitu kimoja tu: oili ya zamani nimeiweka wapi, maana anataka kuipaka nguzo za banda.